David Livingstone: kutoka kiwanda cha pamba hadi mlango wa Ruzizi

David Livingstone alizaliwa Machi 19, 1813, huko Blantyre, Uskoti. Akiwa na miaka 10 aliingia kazini katika kiwanda cha pamba, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Kitabu alikiweka juu ya mashine ya kusokota nyuzi, akisoma kidogo kidogo kila alipopita.

Mwaka 1836 alianza chuo mjini Glasgow kwa akiba ya mshahara wake. Alisomea udaktari, akahudhuria pia masomo ya kemia, na mwaka 1840 akafuzu.

Wakati huo Wazungu hawakujua kama Ruzizi unaingia Tanganyika au unatoka kuelekea Nile. Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858, lakini hawakufika mlangoni mwa mto. Wenyeji waliwaambia kwamba unaingia ziwani, ila huko Uingereza mabishano yaliendelea.

Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi Ujiji, wakaenda kaskazini hadi wakaukuta Ruzizi ukimwaga maji ziwani. Wenyeji walikuwa wamesema kweli. Maji hufuata mteremko, na ziwa Kivu liko juu ya Tanganyika kwa karibu mita 700.

Hata hivyo aliendelea kudhani kwamba Lualaba huenda ndiyo Nile. Alikosea: Lualaba ndiyo mto Kongo. Alifariki Mei 1873 katika Zambia ya leo, bado akiitafuta chemchemi ya Nile.