Kitili Mwendwa: Jaji Mkuu aliyeondoka bila kesi

Ukitoka Mwingi ukashika njia ya kaskazini utafika Kyuso, mji mdogo wa Kitui wenye korti yake. Mpwani akishuka pale hatodhani kuwa ana uhusiano wowote na korti ile. Anao. Sheria iliyounganisha mahakama za mahakimu nchini na sheria ya Mahakama za Kadhi zilianza kazi siku moja, Agosti 1, 1967. Wakili Mkuu wa Serikali wakati huo alikuwa mwana wa Kitui, Maluki Kitili Mwendwa.

Alizaliwa 1929, mtoto wa chifu Mwendwa wa Matinyani. Nduguye Eliud Ngala Mwendwa alikuwa Waziri wa Leba katika serikali ya Mzee Kenyatta, na wapo waliosema kuwa Kitili alibebwa na ukoo. Labda jina lilimfungulia mlango, lakini mtihani wa sheria baba hamfanyii mtu. Mwaka 1968, kabla hajafika miaka arubaini, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa Kenya.

Wengi hudhani kazi ya Jaji Mkuu ni kuamua kesi tu. Yeye pia ndiye mwenye ufunguo wa uwakili. Aliyesoma sheria, hata awe na shahada za Ulaya, si wakili mpaka Jaji Mkuu amkubali na jina lake liingie katika daftari la mawakili. Kisha kila mwaka achukue cheti cha kufanyia kazi, la sivyo hana ruhusa. Hata kamishna wa viapo, yule tunayemkimbilia na hati zetu za shamba, huteuliwa na Jaji Mkuu. Ufunguo huo ulikuwa mikononi mwa Waingereza miaka yote ya ukoloni, na hata miaka mitano ya mwanzo ya uhuru.

Kitili alidumu nao miaka mitatu. Mwaka 1971 watu kadhaa walishtakiwa kwa njama ya kupindua serikali, na jina lake likatajwa katika kesi ile. Mkuu wa majeshi, Meja Jenerali Ndolo, Mkamba mwenziwe, akajiuzulu. Julai Kitili naye akajiuzulu.

Hapa ndipo mimi hukwama. Katiba ilisema jaji haondolewi mpaka jopo maalumu limchunguze na asikizwe. Jopo halikukaa, kwa kuwa alijiuzulu mwenyewe. Hakushtakiwa, basi hakuhukumiwa, wala hakusafishwa. Wakili mdogo aliyelalamikiwa na mteja huitwa ajitetee kabla ya kufutwa katika daftari. Mwenye daftari hakuipata nafasi hiyo.

Nafasi yake ilichukuliwa na Mwingereza, James Wicks, aliyekaa hadi 1982.

Kitili alirudi kwa watu wake. Mkewe, Bi. Nyiva, alichaguliwa mbunge wa Kitui Magharibi 1974. Miaka kumi baadaye Kitili mwenyewe akashinda kiti hicho. Hakukikalia sana: ajali ya gari ilimuua 1985. Miaka kumi tena ikapita, na 1995 Bi. Nyiva akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri kamili Kenya.