Joseph Jenkins Roberts, Rais wa Kwanza wa Liberia

Katika pwani ya magharibi ya Afrika, kupakana na Sierra Leone, ipo nchi iitwayo Liberia. Jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya mtu huru. Nchi nyingi za Afrika zilipata uhuru wao baada ya mwaka 1955, lakini Liberia ilijitangazia uhuru mwaka 1847, zaidi ya miaka mia moja kabla yao. Hizi ni habari za rais wake wa kwanza. Tutaona jinsi kijana wa kazi za mikono alivyopata kuwa mkuu wa dola. Tena tutaona jambo moja kubwa ambalo yeye na wenzake hawakulitengeneza, likawa chanzo cha msiba kwa vizazi vilivyofuata.

Joseph Jenkins Roberts alizaliwa tarehe 15 Machi, mwaka 1809, katika mji wa Norfolk, jimbo la Virginia, nchi ya Marekani. Siku zile watu weusi wengi wa Virginia walikuwa watumwa, wakinunuliwa na kuuzwa kama mifugo. Joseph hakuzaliwa mtumwa. Mama yake Amelia alikuwa mwungwana. Walakini uungwana wa mtu mweusi katika nchi ile ulikuwa na mipaka mingi. Ilimpasa kuwa na hati ya kuthibitisha kwamba yeye si mtumwa, hakuwa na sauti katika mambo ya serikali, wala hakuweza kushuhudia juu ya mzungu mbele ya hakimu.

Jamaa ya Roberts walihamia mji wa Petersburg. James Roberts, mumewe Amelia, alikuwa na mashua za kuchukulia mizigo mtoni, na Joseph akafanya kazi katika mashua hizo tangu ujana wake. Kisha akafanya kazi kwa kinyozi mmoja mweusi, jina lake William Colson. Kinyozi huyu alikuwa mtu wa elimu, mwenye vitabu vingi. Joseph akavisoma vitabu vile kila alipopata nafasi, na elimu aliyoipata humo ikamfaa maisha yake yote.

Mwaka 1816 kilikuwa kimeundwa Marekani chama cha kuwahamisha watu weusi waungwana na kuwapeleka Afrika. Wengine katika chama hicho waliuchukia utumwa. Wengine walitaka tu kuwaondoa watu weusi waliokuwa huru. Mwaka 1821 wajumbe wa chama walipata ardhi huko Cape Mesurado kwa wafalme wa pwani ile, kwa kutoa bidhaa chache na, kama isimuliwavyo, kwa kutisha kwa bastola. Mji uliojengwa hapo ukaitwa Monrovia, kwa jina la James Monroe, rais wa Marekani wa siku zile.

Mapema mwaka 1829 Joseph, pamoja na mama yake, mke wake, mtoto wao mchanga na ndugu zake, walipanda merikebu iitwayo Harriet wakavuka bahari. Homa ya nchi ile ilikuwa kali, ikawaua wahamiaji wengi. Muda si mwingi mke wa Joseph akafa, na mtoto naye akafa. Joseph hakurudi Virginia. Alishirikiana na Colson katika biashara: walipeleka Marekani mafuta ya mawese, pembe za ndovu na miti ya kutia rangi, wakaleta Monrovia bidhaa za huko. Biashara ikastawi. Mdogo wake John akawa askofu wa Kimethodisti, na Henry akawa mganga. Mwaka 1836 Joseph alimwoa Jane Waring, binti wa mchungaji, mwanamke mwenye elimu nzuri.

Watu wakamwona Roberts kuwa mtu mwaminifu na mwenye busara. Mwaka 1839 akawa makamu wa gavana. Gavana Thomas Buchanan, aliyekuwa mzungu, alipofariki mwaka 1841, Roberts alishika mahali pake. Basi akawa gavana wa kwanza mweusi wa nchi ile, na umri wake miaka 32.

Hapo ndipo ilipotokea shida ya ushuru. Fedha ya kuendeshea serikali ilitoka hasa katika ushuru wa forodha, yaani kodi ya bidhaa ziingiazo kwa bahari. Lakini wafanya biashara wa Kiingereza walikataa kulipa. Walisema kwamba haki ya kutoza ushuru ni ya dola, na Liberia si dola. Ni mali ya chama cha watu binafsi. Mwaka 1845 mambo yakazidi kuwa mabaya. Merikebu ya Stephen Benson, mfanya biashara wa Liberia, ilikamatwa na Waingereza ikapelekwa Sierra Leone. Serikali ya Marekani nayo haikukubali kusema kwamba Liberia ni yake. Hivyo watu wa Liberia walikuwa kama yatima asiye na wa kumtetea.

Roberts alifikiri sana, akaona njia ni moja tu: Liberia iwe dola yenyewe. Chama kule Marekani kikakubali, na mwezi wa Oktoba mwaka 1846 wahamiaji wakapiga kura. Wengi waliogopa, kwa kuwa walikuwa watu wachache na maskini, nao hawakujua watamkimbilia nani wakipatwa na shida. Hata hivyo waliotaka uhuru walizidi kidogo. Tarehe 26 Julai, mwaka 1847, uhuru ulitangazwa. Azimio lake liliandikwa na Hilary Teage, mhariri wa gazeti. Wanawake wa Monrovia wakashona bendera yenye nyota moja na mistari kumi na mmoja, kwa hesabu ya wajumbe kumi na mmoja waliotia sahihi. Roberts akachaguliwa kuwa rais, akaapishwa tarehe 3 Januari, mwaka 1848.

Dola mpya isiyotambuliwa na wengine ni kama mtu anayebisha hodi asiitikiwe. Kwa hiyo mwaka ule ule Roberts alisafiri kwenda Ulaya. Uingereza ikawa nchi ya kwanza kuitambua Liberia, ikafanya nayo mkataba wa biashara. Malkia Victoria akampokea Roberts kwa heshima. Wale waliokataa kulipa ushuru sasa hawakuwa na neno. Ufaransa nayo ikafuata. Lakini Marekani, nchi aliyozaliwa, ilikataa kwa muda wa miaka 15, kwa sababu wenye watumwa hawakutaka kumwona balozi mweusi akikaa Washington. Ilikubali mwaka 1862, wakati wa Rais Abraham Lincoln.

Aliporudi nyumbani Roberts alipigana na biashara ya watumwa iliyokuwa ingali inafanyika katika pwani ile. Mwaka 1849 askari wa Liberia walikwenda New Cess wakateketeza vituo vya wauza watumwa. Tena alinunua sehemu za pwani kwa wafalme wake, ili wafanya biashara hiyo wasipate bandari. Akachaguliwa mara kwa mara mpaka mwaka 1856, ndipo alipompisha Stephen Benson, yule mwenye merikebu.

Hakukaa bure. Chuo cha Liberia kilipofunguliwa Monrovia mwaka 1862, yeye ndiye aliyekuwa mkuu wake wa kwanza, akafundisha sheria. Mwaka 1871 serikali ya Rais Edward James Roye ilikopa pauni 100,000 London kwa masharti mazito, na fedha iliyofika katika hazina ilikuwa kidogo. Watu wakakasirika, Roye akaondolewa kwa nguvu. Wakamwita Roberts tena, mzee sasa, awe rais mwanzoni mwa mwaka 1872. Alitumika hata Januari mwaka 1876, akafariki tarehe 24 Februari mwaka ule ule. Katika wasia wake aliacha dola 10,000 kwa ajili ya elimu ya watoto wa Liberia.

Sasa na tulitazame lile jambo lililoachwa. Kabla ya merikebu yo yote kufika kutoka Marekani, nchi ile ilikuwa na wenyeji wake: Wadei, Wabassa, Wavai, Wakru na wengine wengi. Azimio la uhuru lilizungumza kwa jina la watu waliotoka Marekani tu. Wenyeji, ambao ndio waliokuwa wengi, hawakuhesabiwa kuwa raia. Wahamiaji waliikumbuka vizuri dhuluma waliyotendewa Virginia, ya kukosa sauti katika nchi waliyozaliwa. Walakini nao wakawatendea wenzao jambo lililofanana nalo. Vita vikatokea baina yao mara nyingi. Roberts alifanya mapatano mengi na wafalme, lakini hakuivunja desturi hiyo.

Mwaka 1904 ndipo sheria ilipowahesabu wenyeji kuwa raia, na katika miaka ya 1940 ndipo walipoanza kupewa kura, tena si wote. Hata mwaka 1980 marais wote walikuwa wa jamaa zilizotoka ng'ambo. Mwaka huo askari walioongozwa na Samuel Doe walimwua Rais William Tolbert wakatwaa serikali. Mwaka 1989 vita vikaanza, na pamoja na kituo kifupi vikaendelea hata mwaka 2003, vikiwaua watu wengi sana. Vita hivyo vilikuwa na sababu nyingi, lakini mzizi mmoja ulikuwa ni ule ubaguzi wa tangu mwanzo.

Roberts anastahili heshima. Mji wa Robertsport na uwanja mkubwa wa ndege karibu na Monrovia vina jina lake, na tarehe 15 Machi ni sikukuu katika Liberia. Alitoka katika mashua ya mizigo akafika mbele ya malkia, kwa bidii na kwa kusoma. Alilinda uhuru wa watu wake bila kuwa na jeshi kubwa wala hazina iliyojaa. Lakini nyumba aliyoijenga ilikuwa na mlango mwembamba, na waliobaki nje walikuwa wenye kiwanja. Nasi tukikumbuka habari zake, tuyashike yote mawili: tufanye kazi kama alivyofanya yeye, na haki tunayoitaka kwa ajili yetu tusimnyime jirani.