Henrik Dam na Vifaranga Waliovuja Damu

Henrik Dam alizaliwa tarehe 21 Februari 1895 mjini Copenhagen, Denmark. Alisomea kemia, akahitimu mwaka 1920, kisha akawa mwalimu na mtafiti wa biokemia katika Chuo Kikuu cha Copenhagen.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 alitaka kujua jambo moja: je, kifaranga anaweza kujitengenezea lehemu mwilini? Aliwalisha vifaranga chakula kilichoondolewa karibu mafuta yote. Jibu alilipata, lakini baadhi ya vifaranga wakaanza kuvuja damu chini ya ngozi na ndani ya misuli, na damu yao ilichelewa kuganda. Mwingine angewatupa akanunua wengine. Dam alilifuata swali hilo jipya. Alijaribu kuwapa lehemu, akajaribu vitamini C, hali ikawa ile ile. Walipopewa majani mabichi au maini ya nguruwe hawakuvuja tena. Mwaka 1935 alikiita kirutubisho hicho vitamini K, kutokana na herufi ya kwanza ya neno la Kidenmark na Kijerumani lenye maana ya kuganda.

Mwaka 1940 alikwenda Marekani kutoa mihadhara, akabaki huko hadi 1946, kwa kuwa nchi yake ilivamiwa na Ujerumani. Akiwa ugenini alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 1943 pamoja na Mmarekani Edward Doisy, aliyebainisha muundo wa kikemia wa vitamini hiyo.

Waliofaidika zaidi ni watoto wachanga. Mama wa Mbeya au Iringa, ambako kabichi na majani ya maboga hujaa sokoni, anaweza kushangaa kwa nini mboga alizokula hazimtoshi mwanawe. Sababu ni kwamba vitamini K hupita kwa shida kwenye kondo la nyuma, maziwa ya mama yana kiasi kidogo, na utumbo wa mtoto bado hauna bakteria wa kuitengeneza. Mtoto asiyeipata anaweza kuvuja damu hata kwenye ubongo. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtoto achomwe sindano ya miligramu 1 pajani baada ya kuzaliwa.

Dawa yenyewe ilihitaji kujifunzwa. Katika miaka ya 1950 iligundulika kuwa aina ya kutengenezwa, iitwayo menadioni, ikitolewa kwa wingi huvunja chembe nyekundu za damu na kumletea mtoto manjano. Siku hizi hutumika aina ya K1, iliyo salama zaidi. Hata hiyo, ikichomwa haraka kwenye mshipa, inaweza kuleta mzio mkali. Mgonjwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiinywe bila daktari, kwani huzima nguvu ya dawa yake. Lakini akizidiwa na warfarini hadi kuvuja damu, hiyo hiyo ndiyo humwokoa.

Dam alifariki mwaka 1976 akiwa na umri wa miaka 81.