Franco: kutoka gitaa la kopo hadi vyombo vyake mwenyewe

UKIPITA jioni kwenye baa za Arua au Koboko, hasa zile ambazo madereva wa kwenda Aru na Kaya hupumzika, si ajabu kulisikia gitaa la Franco likilia kutoka kwenye spika iliyowekwa juu ya kreti za soda. Wenye umri wao hulitambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Wengi walilizoea ng'ambo, katika miaka ile baada ya 1979 na 1980 watu wa West Nile walipokimbilia Zaire na Sudan. Waliporudi nyumbani walirudi na masufuria, na Kilingala, na nyimbo za OK Jazz.

Watoto wao, na sasa wajukuu, wanataka kulipiga gitaa hilo wenyewe. Swali lao la kwanza kwa mfanyabiashara anayeleta vyombo ni moja: amplifaya ya wati ngapi? Mwandishi wa makala haya ameulizwa swali hilo mara nyingi kiasi cha kuona ni bora kulijibu kwa kusimulia maisha ya mtu ambaye alianza na wati sifuri.

François Luambo Makiadi alizaliwa Julai 6, 1938 huko Sona Bata, mji mdogo wa magharibi mwa Kongo, nchi ikiwa bado chini ya Wabelgiji. Familia ikahamia Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Baba yake, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alifariki mwaka 1949 na masomo ya kijana yakawa yamefikia mwisho. Mama yake alibaki na watoto wa kulisha, akawa anauza maandazi katika soko la Ngiri-Ngiri.

Kijana akajitengenezea gitaa la kopo, nyuzi zake zikiwa ni waya za umeme zilizochunwa. Alikuwa akikaa karibu na meza ya mama yake na kulipiga ili wateja wasogee. Anayejua kelele za soko, iwe Ngiri-Ngiri au Ariwara siku ya gulio, anaelewa kuwa kopo halina ubavu wa kushindana na wapiga debe, mbuzi na mikokoteni. Kwa maoni yangu ni pale alipojifunza kitu ambacho baadaye kilimpa jina: kuchukua kipande kifupi cha muziki, kukirudia na kukirudia, kila nota ikiwa kavu na imara, mpaka sikio la mpita njia linasalimu amri. Wapiga gitaa wengi wanaotafuta wati nyingi wanatafuta kitu ambacho Franco alikipata kwa vidole.

Walimu wake wa mwanzo walikuwa vijana wa mtaani waliomzidi umri kidogo, miongoni mwao Paul Ebengo aliyejulikana kama Dewayon. Mwaka 1953, akiwa na miaka 15 tu, alifika katika studio ya Loningisa iliyomilikiwa na Mgiriki Basile Papadimitriou. Mpiga gitaa Henri Bowane, aliyekuwa na sauti kubwa pale studio, akaona kipaji na ndiye aliyempa jina fupi la Franco. Studio ikampa gitaa la kweli. Inasemekana lilikuwa kubwa kuliko kifua chake.

Mwaka huo huo wa 1953 Mbelgiji Bill Alexandre alifika Léopoldville kuendesha studio ya CEFA, akaja na gitaa la umeme. Ndipo jiji lilipobadilika. Kabla ya hapo gitaa lilikuwa chombo cha kukaa karibu nacho; tarumbeta na ngoma zikianza, lilifunikwa kabisa. Umeme ukalifanya gitaa liwe mwimbaji wa mbele.

Juni 6, 1956 Franco na wenzake, wakiwamo Jean Serge Essous, Vicky Longomba na Rossignol, walianzisha bendi iliyochukua jina la baa ya Oscar Kashama, OK Bar. Ndiyo OK Jazz. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa kwamba vyombo ni vya studio au ni vya mwenye baa. Mwanamuziki alikuwa na vidole vyake na shati lake. Akigombana na tajiri, anatoka mikono mitupu. Mambo hayakuwa tofauti sana huku Afrika Mashariki: NUTA Jazz ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi na wapigaji wake walikuwa waajiriwa.

Hapa tusimame kidogo tuzungumze habari za wati, maana OK Bar ndicho kipimo ambacho vijana wetu wanakihitaji. Amplifaya nyingi za miaka ya 1950 zilikuwa za valvu, zile taa za kioo zinazowaka ndani, na nyingi zilitoa wati 15 au 20 hivi, wala si zaidi. Watu walicheza mpaka asubuhi. Sababu ni kwamba sikio la binadamu halihesabu wati kama mkono unavyohesabu noti. Ukiongeza wati mara mbili, kutoka 50 hadi 100, sauti inapanda desibeli 3 tu, tofauti ambayo msikilizaji aliyekaa na chupa yake huitambua kwa shida. Ili sauti isikike kubwa mara mbili unahitaji wati mara kumi. Kwa hiyo anayeuza ya wati 10 ili anunue ya wati 20 ametoa fedha nyingi kwa jambo dogo. Mara nyingi angefaidika zaidi kwa kubadili spika. Spika inayozidi nyingine kwa desibeli 6 kwa wati moja ni sawa na kukuzidishia amplifaya mara nne bila kuongeza hata tone la mafuta kwenye jenereta.

Kwa mazoezi ya nyumbani, wati 5 hadi 15 za amplifaya ya transista zinatosha na kubaki. Ya valvu yenye wati 5 ukiifungua yote itamwamsha jirani na mtoto wake, na kwa bahati mbaya valvu hulia vizuri zaidi zikiwa zimefunguliwa, ndiyo maana aliyenunua ya wati 50 kwa ajili ya chumba cha kulala huishia kuipiga kwenye namba moja na kulalamika kuwa haina utamu. Kwenye baa ndogo yenye ngoma za kupiga kwa fimbo, valvu ya wati 15 au 20, au transista ya 50 hivi, inatosha. Besi ni habari nyingine. Sauti nzito hula nguvu, hivyo mpiga besi apewe mara tatu au nne ya mwenzake wa solo. Harusi ikifanyika uwanjani, usikimbilie amplifaya kubwa: weka maikrofoni mbele ya ile ndogo na uiachie mitambo ya ukumbini ifanye kazi. Nje hakuna kuta za kurudisha sauti, na kila umbali unapoongezeka mara mbili unapoteza desibeli 6.

Turudi kwa Franco. Kongo ilipata uhuru Juni 30, 1960 na Wazungu wengi waliokuwa na studio wakaanza kufungasha. Bendi zilizokuwa zikitegemea vyombo vya tajiri zilijikuta njia panda. Mwaliko ukatoka kwa mtu ambaye wengi walidhani ni hasimu wake, Joseph Kabasele wa African Jazz, aliyekuwa ameanzisha lebo yake ya Surboum African Jazz. Mwaka 1961 OK Jazz walisafiri hadi Brussels kurekodi kwa ajili ya lebo hiyo. Kutokana na malipo ya kazi ile bendi ikajinunulia vyombo vipya.

Wasimulizi wengi hupita haraka hapo ili wafike kwenye nyimbo. Mimi naona ndipo maisha yake yalipogeuka. Kuanzia siku ile OK Jazz haikuwa tena bendi ya baa fulani. Iliweza kuhama ukumbi, iliweza kukataa malipo mabaya, na Franco, aliyekuwa bado kijana wa miaka 23, alianza kuwa mwenyeji badala ya mpangaji. Akafungua lebo zake mwenyewe, Epanza Makita na baadaye Éditions Populaires. Wenzake waliondoka na kurudi, wakaondoka tena. Vyombo vilibaki na yeye alibaki.

Huzuni nazo hazikukosa. Agosti 1970 mdogo wake, Bavon Marie-Marie, naye mpiga gitaa hodari wa bendi ya Negro Succès, alikufa katika ajali ya gari mjini Kinshasa. Franco alinyamaza kwa muda, kisha akarudi kwa kishindo. Mwaka 1974 alikuwa na jengo lake la burudani, Un Deux Trois, katika mtaa wa Matonge. Septemba mwaka huo, kuelekea pambano la Muhammad Ali na George Foreman, alipanda jukwaa moja na akina James Brown na B.B. King katika tamasha la Zaire 74, kwenye uwanja wa Mei 20 uliojaa mitambo iliyosafirishwa kwa ndege. Mwana wa muuza maandazi hakubabaika. Kwa kipindi hicho bendi yake, ikiitwa sasa TPOK Jazz, ilipanga magitaa kama mafundi wanavyopanga matofali: solo, mi-solo, ridhimu na besi, kila moja likiwa na nafasi yake, hakuna linalomfunika mwenziwe. Hilo halitokani na wati. Hutokana na kila mpigaji kukubali kupunguza.

Miaka ya 1980 alikuwa na watu wengi kiasi kwamba sehemu moja ya bendi iliweza kuwa Ulaya na nyingine Kinshasa kwa wakati mmoja. Wimbo wa Mario ulitoka mwaka 1985 na ukavuka mpaka wetu bila kulipa ushuru. Mwaka 1987 akatoa onyo kuhusu ukimwi, wakati ambapo wakubwa wengi walikuwa bado wanaona haya kuutaja ugonjwa huo.

Kabla hatujafika mwisho wake, neno kwa wanaovuka kwenda Ariwara, au kupitia Oraba kwenda Kaya, kununua na kuuza. Boksi likiandikwa wati 2,000 za PMPO, msiliamini. Tafuteni neno RMS, na kama halipo geuzeni chombo mkasome kibandiko cha nyuma: kimeandikwa kinakula wati ngapi. Hakuna mashine inayoweza kutoa kwa mfululizo zaidi ya inachokula. Kikisema kinakula wati 40, basi zile 2,000 ni za boksi. Na ninyi mnaorejea kutoka Marekani au Kanada na amplifaya kwenye begi, kumbukeni kule umeme ni volti 120 na huku ni 240. Bila transfoma ya kushusha, mtanusa moshi kabla ya kusikia nota ya kwanza.

Umeme wenyewe una historia yake kwetu. Kabla ya bwawa la Nyagak kuanza kuzalisha mwaka 2012, Arua ilitegemea jenereta, na wapiga muziki walijifunza kuhesabu saa. Kwa sola hesabu ni hii: betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina kama wati-saa 1,200, lakini ikiwa ni ya asidi usitumie zaidi ya nusu la sivyo itakufa mapema. Amplifaya inayokula wati 60 itakupa muda wa saa 8 hivi, ukitoa kinachopotea kwenye inveta. Inayokula wati 300 itazima kabla bibi harusi hajakata keki. Jenereta ndogo ya wati 650 hubeba gitaa na besi bila matatizo. Ukiongeza mitambo ya ukumbi na taa za rangi, huanza kuguna, na gitaa huguna nayo.

Franco alidhoofika haraka. Mtu aliyekuwa na mwili mkubwa alikonda mbele ya macho ya watu na uvumi ukasambaa. Alifariki dunia Oktoba 12, 1989 hospitalini nchini Ubelgiji, akiwa na umri wa miaka 51. Mwili ulirejeshwa Kinshasa, Serikali ikatangaza siku za maombolezo, redio ikapiga nyimbo zake, na akazikwa katika makaburi ya Gombe huku barabara zikiwa hazipitiki.

TPOK Jazz iliendelea kwa miaka minne hivi chini ya wazee wake, Simaro Lutumba akiwa mbele. Kisha ukaja mgogoro na familia ya marehemu kuhusu mapato. Mwishoni mwa 1993 wanamuziki walikusanya vyombo, wakavirudisha kwa familia ya Franco kwa kuwa vilikuwa mali yake, wakatoka na kuanzisha bendi nyingine waliyoiita Bana OK. Walianza upya na vidole vyao, kama yeye alivyoanza Ngiri-Ngiri.