Édouard Lucas, mpimaji wa namba tasa
Sisi wa isimu tunapenda kujua neno limeundwa kwa vipande gani. Lucas aliuliza hivyo juu ya namba.

Alizaliwa Amiens, Ufaransa, mwaka 1842. Alifanya kazi kwenye kituo cha kutazamia nyota cha Paris, akapigana vita vya 1870 kama ofisa wa mizinga, kisha akafundisha hesabu.

Namba tasa haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kujaribu vigawanyo kimoja kimoja huchosha. Kwa 2¹²⁷ − 1 Lucas alipata njia nyingine: anza na 3, izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba inayopimwa, shika baki, rudia. Baki la mwisho likiwa 0, namba ni tasa. Mwaka 1876 alitangaza kwamba namba hiyo, yenye tarakimu 39, ni tasa.

Alionyesha pia kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, bila kupata vigawanyo vyake. Cole alivitoa mwaka 1903. Lucas alikuwa amekufa tangu 1891, akiwa na miaka 49, baada ya kipande cha sahani kumkata shavu karamuni.

Kwangu fundisho ni hili: kuthibitisha kwamba kitu kimeunganishwa ni kazi moja, kukitenganisha ni nyingine. Wachambuzi wa maneno, tusizichanganye.