DAKTARI JOHN KIRK NA SUMU YA MISHALE

Katika historia tunamsoma John Kirk kama balozi wa Uingereza kule Unguja. Basi leo nawaletea habari zake zinazotufaa hata katika bayolojia.

Kirk alizaliwa Uskoti mwaka wa 1832 akasomea udaktari Edinburgh. Mwaka wa 1858 alifuatana na David Livingstone hadi mto Zambezi. Huko aliwakuta wawindaji wakipaka mishale sumu ya mmea uitwao kombe. Mnyama akichomwa, hafiki mbali. Kirk alichukua sumu kidogo aichunguze, kumbe ikagusa mswaki wake! Alipopiga mswaki alisikia uchungu mdomoni, na mapigo ya moyo wake yakapungua. Wee, si angekufa! Lakini yeye alitambua kwamba kitu kinachopunguza mapigo kinaweza kuwa dawa. Baadaye Profesa Thomas Fraser wa Edinburgh alitoa katika mmea huo strofanthini, ikawa dawa ya moyo.

Je, sumu hii hufanyaje kazi? Kila msuli unapojikunja, ioni za sodiamu huingia ndani ya seli na za potasiamu hutoka. Katika utando wa seli kuna pampu ndogo sana ambayo hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, tena kwa kutumia nguvu ya chakula. Bila pampu hiyo hata mchezaji hodari wa kandanda hangemaliza kipindi cha kwanza, kwa maana misuli ya miguu ingelegea. Strofanthini huziba pampu. Sodiamu hujaa ndani, kisha kalsiamu nayo huongezeka. Ikiwa ni kidogo, moyo dhaifu hupiga kwa nguvu zaidi. Ikizidi, moyo husimama.

Kirk alifika Unguja mwaka wa 1866. Mwaka wa 1873 alimshurutisha Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Alifariki mwaka wa 1922 bila kuijua pampu hiyo, kwani Jens Skou wa Denmark aliigundua mwaka wa 1957, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1997.

Lakini wenzangu, hebu tufikiri. Kirk tunamjua, Fraser tunamjua, Skou tunamjua. Wale wawindaji waliokuwa na elimu hiyo kabla yao wote tunawajua kwa jina gani? Vitabu vyetu havituambii. Huku kwetu Migori na Homa Bay wako wazee wanaojua mizizi na majani ya kila aina. Tuwaulize, tuandike, na majina yao tuyaandike pia. Ila kuonja tusionje, maana si kila mtu atakuwa na bahati ya Kirk.

Elimu ni bahari.