Senda Berenson: mama mwenye alipatia wasichana basketi, halafu akawakataza kusafiri kwenda kushindana

Kila mwaka, mwezi wa tatu ukianza, vyuo vikuu vya Marekani vinaingia katika turnua za basketi ya wanawake. Vyuo hivyo vimejigawa kwa makundi yenye wao wanaita konferensi, na makundi yenyewe yanapita 30. Karibu kila moja linafanya turnua yake ya siku chache: ukipoteza mechi moja, unarudi nyumbani. Ekipi yenye inabeba kombe inapata nafasi ya moja kwa moja katika shampiona ya inchi nzima, hata kama msimu wote ilikuwa inavuta mkia. Viwanja vinajaa, televisheni zinaonyesha, wasichana wanalia wa furaha na wengine wa uchungu.

Mwanamke mwenye alianzisha basketi ya wanawake katika vyuo hivyo alikuwa anapinga mambo ya namna hiyo kabisa.

Senda Berenson alizaliwa tarehe 19 mwezi wa 3, 1868, huko Butrimonys, mji mdogo wa Lithuania. Wakati ule Lithuania ilikuwa chini ya utawala wa Urusi. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na jina la familia lilikuwa Valvrojenski. Mwaka 1875, Senda akiwa na miaka 7, familia ikahamia Boston, Marekani, ikachukua jina la Berenson. Kaka yake mkubwa, Bernard, baadaye alijulikana dunia nzima kama mtaalamu wa picha za wachoraji wa zamani wa Italia. Senda yeye alikuwa mtoto wa kuugua-ugua. Masomo yake yalikatika mara nyingi. Alipenda muziki, akaingia shule ya kujifunza piano, lakini akaacha juu mgongo ulikuwa unamuuma na hakuweza kukaa mbele ya piano kwa muda mrefu.

Basi mwaka 1890 wakamshauri aende kwenye shule ya walimu wa mazoezi ya mwili pale Boston, ili apate nguvu. Mwanzoni hakupenda hata kidogo. Lakini mwili ukaanza kukaza, pole pole, na yule msichana mgonjwa akageuka mwalimu. Mwezi wa kwanza 1892 akatumwa kufundisha mazoezi Smith College, chuo cha wanawake katika mji wa Northampton.

Kufundisha mwili wa mwanamke wakati ule haikuwa kazi nyepesi. Waganga wengi walisema msichana akikimbia sana tumbo la uzazi litaharibika, na masomo mengi yatamchosha akili. Wanafunzi wenyewe walikuwa wanachoka na mazoezi ya kunyoosha mikono juu na chini, kila siku yale yale.

Wiki chache tu mbele ya hapo, mwezi wa 12 mwaka 1891, mwalimu James Naismith alikuwa amebuni mchezo mupya katika mji wa Springfield: vikapu viwili vya kuvunia matunda vimepigwa misumari juu, na balo moja. Kutoka Springfield mpaka Northampton ni kama kilometa 30, yaani Goma mpaka Sake na kipande kidogo. Senda alisoma habari ya mchezo huo katika gazeti, akaujaribu na wasichana wake. Wakaupenda mara moja.

Mwezi wa tatu 1893, mwaka wa kwanza wakacheza na mwaka wa pili. Wanaume wakakatazwa kuingia. Wasichana walivaa suruali pana za mazoezi, na kila darasa lilileta rangi zake na nyimbo zake. Senda mwenyewe akarusha balo juu kuanzisha mechi, na papo hapo mkono wa mchezaji mmoja ukapigwa, bega likatoka mahali pake. Akatolewa, mwingine akaingia, mechi ikaendelea. Mwaka wa pili ukashinda 5 kwa 4.

Hapo ndipo Senda alipoona kazi iko wapi. Wasichana walikuwa wanashikana, wanapokonyana balo, wanagombana. Kama mmoja angeumia vibaya, wakubwa wangefunga mchezo. Kwa hiyo akaandika sheria zake. Kiwanja kikagawanywa vipande vitatu, na mchezaji haruhusiwi kutoka katika kipande chake. Kupokonya balo mkononi mwa mwingine, hapana. Kukaa na balo kupita sekunde 3, hapana. Kudunda kupita mara 3, hapana. Mwaka 1899 kamati ikakaa Springfield kupanga sheria za wanawake, na mwaka 1901 kitabu chake kikachapishwa. Senda aliendelea kukihariri kwa miaka mingi.

Ni rahisi leo kumcheka. Lakini bila mistari ile mitatu, baba gani wa wakati ule angeruhusu binti yake aingie kiwanjani?

Jambo la kushindana na vyuo vingine, hapo hakutaka kusikia. Alikuwa ameona michezo ya wanaume: pesa, ugomvi, kushinda kwa njia yoyote. Kwake mchezo ulikuwa wa afya, wa kila msichana, si wa wachache wenye vipaji. Darasa kwa darasa, ndani ya chuo, inatosha. Lakini mchezo ulikuwa umeshatoka mikononi mwake. Mwezi wa nne 1896, huko San Francisco, wasichana wa Stanford walicheza na wale wa California, wakawashinda 2 kwa 1. Hata pale wanaume walifungiwa nje.

Senda aliondoka Smith mwaka 1911, akaolewa na Herbert Vaughan Abbott, profesa wa Kiingereza pale pale chuoni. Akafundisha shule nyingine ya wasichana mpaka 1921.

Mawazo yake yalidumu kupita yeye. Wanawake walikuja kucheza 5 kwa 5, kiwanja kizima, mwaka 1971 tu. Mwaka uliofuata shampiona kubwa ya kwanza ya vyuo ikafanyika, na turnua za konferensi zikakua nyuma yake. Huku kwetu wasichana hawakukuta tena mistari mitatu: Zaire ilibeba kombe la Afrika la wanawake 1983, 1986 na 1994, ikaenda Olimpiki ya Atlanta 1996, na Mwadi Mabika wa Kinshasa akaingia ligi ya wanawake ya Marekani mwaka 1997, msimu wake wa kwanza kabisa.

Senda alifia Santa Barbara, California, tarehe 16 mwezi wa 2, 1954, akiwa na miaka 85. Mwaka 1985 jina lake liliwekwa katika nyumba ya heshima ya basketi kule Springfield, katika kundi la kwanza la wanawake kupokelewa humo.